Kazi ya mtu wa laini

SWALI: Salaam aleikum wahariri. Mwanangu ana miaka 18, urefu mita 1.95, kilo 120, anacheza raga hapa Malindi. Mjomba wake kamwambia kwa mwili ule angefika Marekani kwenye futiboli yao, awe wa kumkinga mwenzake. Tangu hapo anakula wali sahani tatu kila usiku. Kazi hiyo ni ipi hasa, na ajiandae vipi? – Mama wa kijana, Shella, Malindi.

JIBU: Wa aleikum salaam, mama. Watu watano, ndio watu wa laini, husimama mstari mmoja mbele ya kwotabeki, mrusha mpira. Wa katikati humpa mpira kwa kuupitisha kati ya miguu yake. Wanne waliobaki huweza kumaliza mechi bila kuugusa. Kazi yao ni kuwazuia wapinzani wasimfikie mrushaji, apate sekunde mbili tatu za kutazama wa kumrushia.

Mcheza raga hukwama hapo. Kwenye raga, kumzuia asiye na mpira ni kosa. Kule ndiyo kazi yenyewe. Tena raga imemzoesha kukumbatia, na kule kumshika mpinzani ni kosa: timu hurudishwa nyuma yadi 10, kama mita 9.

Kwa hiyo aanze na miguu. Achuchumae nusu, mgongo umenyooka, uzito upande wa ndani wa nyayo, arudi nyuma kwa hatua fupi. Miguu isikutane: ikikutana, msukumo mdogo tu unamwangusha. Viwiko vikae karibu na mbavu, dole gumba juu, viganja vyote viwili vitue kifuani mwa mpinzani kwa pamoja. Wanaoanza hutanguliza kichwa. Kiuno hukunjika, macho huangalia chini, na mpinzani humvuta akapita. Mchanga mgumu wa ufukweni maji yakipwa unafaa sana: sekunde 20 za mwendo huo, apumzike dakika moja, mara sita.

Wali sahani tatu utampa tumbo, na miguu itakuwa mizito. Kilo 140 ni za kawaida kwenye kazi hiyo, lakini huongezwa polepole, kwa samaki, mayai, maharagwe na kunyanyua vyuma.

Njia ipo, ila nyembamba. Tangu 2017 NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, ina mpango wa kuwafunza wachezaji wa nje. Jordan Mailata, Mwaustralia aliyetoka raga, aliupitia, na timu ya Philadelphia Eagles ikamchukua 2018 timu zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu, kwenye raundi ya 7, ya mwisho, akiwa hajacheza mechi hata moja ya mchezo huo. Sasa ndiye anayelinda kushoto, upande ambao mrushaji wa mkono wa kulia huupa mgongo, na Februari 2025 alitwaa Super Bowl, fainali ya ligi hiyo. Lakini timu ina nafasi 53 tu msimuni, na mchezaji huachwa wakati wowote. Shule asiiache.

Na kichwa, mama. Akigongwa akapata kizunguzungu au kichefuchefu, atoke uwanjani papo hapo, asirudi mpaka daktari amruhusu. Hilo ni hata kwa raga anayocheza sasa.