Ukikojoa sana Kilimanjaro, usiogope

Kila ikikaribia Disemba, safari za Uhuru zikianza kutangazwa, watu wa Dar wananijaa inbox na swali lile lile: guide wetu, nifanye mazoezi gani? Mazoezi fanya tu, hayana ubaya, ila nimeona vijana wa gym wamevimba vifua wanashushwa kwa machela kutoka Kibo huku mama wa makamo aliyekuwa anatembea taratibu mpaka wagumu, yaani wapagazi wetu, wanamtania anafika kileleni mita 5,895 anapiga picha. Mama aliupa mwili muda, basi, homoni zikafanya kazi yake.

Kule juu hewa unayovuta ina oksijeni karibu nusu tu ya ile ya Dar. Ya kwanza kuamka ni adrenalini, ndo maana ukiwa kambi ya Horombo, njiani kwenda kileleni, umejilaza tu moyo unadunda na usingizi unakatikakatika. Halafu sasa mkojo. Homoni zinazozuia maji na chumvi visitoke mwilini, vasopresini na aldosteroni, zinashuka, unakojoa balaa, damu inapungua maji, kwa hiyo kila tone linabeba oksijeni nyingi zaidi. Watu wakiona hivyo wanaacha kunywa maji ili wasitoke hemani usiku kwenye ile baridi, jamani msifanye hivyo! Mimi mteja akilalamika ameamka kukojoa usiku kucha nafurahi kimoyomoyo, anayenitia wasiwasi ni yule hajakojoa tangu mchana, uso na vidole vimevimba na kichwa kinamgonga.

Kuna hii homoni ya EPO sasa, ile wanariadha wanafungiwa kwa kujidunga. Figo zako zinaanza kuiongeza zenyewe ndani ya masaa machache tu ukishapanda, inaenda kwenye uboho kuamsha utengenezaji wa chembe nyekundu za damu, lakini chembe zenyewe kuongezeka vya kutosha ni suala la wiki kadhaa, ndo maana mwanariadha akienda kambi Iten kule Kenya, mita kama 2,400, hakai wikendi akaondoka. Wewe wa siku tano njia ya Marangu utakuwa umesharudi Moshi unakula nyama choma. Kwa hiyo usizitegemee hizo chembe, upe mwili muda: lipia siku ya ziada, ukiwa Horombo panda mpaka kwenye miamba ya Zebra Rocks halafu rudi ulale chini. Najua hela inauma.

Na kabla hujatoka nyumbani, mwezi mmoja au miwili kabla, kapime wingi wa damu, hasa dada zangu mnaotokwa na damu nyingi kwenye hedhi. EPO ipande itakavyopanda, bila madini ya chuma hakuna damu itakayotengenezwa. Diamox, ile dawa ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko, muulize daktari, usipewe na rafiki.

Ukianza kuyumba kama umelewa, au pumzi inakata hata umekaa tu, usisubiri mwili uzoee, shuka muda huo huo, hata kama ni saa nane usiku na kilele unakiona.