Mwandishi Asiyekuwa na Kura

SWALI: Bibi Mhariri, salamu kutoka Ngamiani. Barazani kwetu, kahawa ikiendelea kumiminwa, mzee mmoja alishikilia kuwa mtunzi hawezi kubadili sheria asipokuwa mbunge. Je, ni kweli? (Msomaji wa kike, Tanga)

JIBU: Dada yangu, mpe mzee nusu ya haki yake. Mwaka 1836, huko Uingereza, George Norton, aliyewahi kuwa mbunge, alimshtaki Waziri Mkuu Melbourne kwamba amezini na mkewe, Caroline, mshairi na mwandishi wa riwaya. Alishindwa kesi, lakini akabaki na watoto wote watatu wa kiume, kwa sababu sheria ilimtambua baba peke yake. Caroline, ambaye hata kura hakuwa nayo, aliandika vijitabu vya kudai haki ya mama, na mwaka 1839 Bunge likapitisha sheria iliyomruhusu mama kuomba mahakamani alee watoto walio chini ya miaka 7. Yeye mwenyewe haikumfaa, kwani wanawe walikuwa wamepelekwa Uskoti, ambako sheria hiyo haikufika.

Baadaye mume alidai hata malipo ya vitabu vya mkewe, na sheria ikampa! Caroline akamwandikia Malkia Victoria waraka mkali mwaka 1855, na baadhi ya hoja zake ziliingia katika sheria ya talaka ya 1857. Hata hivyo, muswada wa 1839 uliwasilishwa na mbunge Thomas Talfourd. Bila mtu wa namna hiyo, vijitabu vile vingeishia kufungia kashata.