Faili la binari lisomeke kwenye kila kompyuta

Ukikuta 16777216 mahali ulipotarajia 1, usihangaike kukagua hesabu zako. Baiti zimesomwa kinyume. Namba 1 katika baiti nne ni 00 00 00 01. Ukianzia upande wa pili inakuwa 01 00 00 00, na hiyo ndiyo 16777216. Kwa baiti mbili, 1 hugeuka 256, na poti ya mtandao 80 hugeuka 20480. Zikariri namba hizi.

Chanzo ni jinsi prosesa inavyopanga baiti kwenye kumbukumbu. Namba ya heksadesimali 12345678 hukaa kama 78 56 34 12 kwenye mashine za ndogo kwanza, yaani litili-endiani: x86 zote (prosesa za Intel na AMD), na simu na kompyuta za ARM karibu zote. Kwenye mashine za kubwa kwanza, bigi-endiani, hukaa 12 34 56 78. Ndivyo zilivyokuwa Motorola 68000 na SPARC, na ndivyo zilivyo mainframe (kompyuta kubwa za mashirika) za IBM hadi leo. Itifaki za intaneti nazo ni kubwa kwanza. PNG ni kubwa kwanza. ZIP, BMP na WAV ni ndogo kwanza. TIFF inakubali zote mbili, hivyo faili lake huanza na herufi II au MM kumwambia msomaji ni ipi.

Ukibuni muundo wako wa faili, chagua mpangilio mmoja na uuandike kwenye maelezo ya muundo. Mimi napendekeza ndogo kwanza, kwa kuwa mashine nyingi ndizo hizo.

Lakini mpangilio wa baiti ni nusu tu ya tatizo. Kosa linaloumiza watu zaidi ni kuchukua `struct` ya C (kundi la data za aina mbalimbali) nzima na kuimwaga kwenye faili kwa `fwrite`. Kompaila huongeza baiti za kujazia ili kila sehemu ianzie kwenye anwani inayoifaa. `uint32_t` ikifuatwa na `uint64_t` ni baiti 12 za data, na kwenye Linux ya x86 ya biti 32 `struct` hiyo huchukua 12 kweli. Kwenye biti 64 inachukua 16. Mashine zote mbili ni ndogo kwanza, wala hazisomeani faili! Aina zenyewe pia hubadilika: `long` ni baiti 4 kwenye Windows ya biti 64, lakini 8 kwenye Linux ya biti 64. `char` hubeba alama ya hasi kwenye Linux ya x86 na haibebi kwenye Linux ya ARM, kwa hiyo 200 upande mmoja ni -56 upande wa pili. Wengi hukimbilia `#pragma pack`, agizo kwa kompaila. Huondoa baiti za kujazia, ila mpangilio wa baiti unabaki vilevile, na ukichukua pointa (anwani) ya sehemu ya ndani, prosesa zisizovumilia anwani isiyoifaa sehemu hiyo huiangusha programu.

Dawa ni kusoma na kuandika baiti kwa baiti:

```
uint32_t soma32(const uint8_t *b) {
  return (uint32_t)b[0]
       | (uint32_t)b[1] << 8
       | (uint32_t)b[2] << 16
       | (uint32_t)b[3] << 24;
}
```

Msimbo huu hauulizi uko kwenye mashine gani, na hauna haja ya kuuliza. Usiache `(uint32_t)`. Bila hiyo `b[3]` hupandishwa kuwa `int`, na ikiwa 128 au zaidi, kuisukuma biti 24 hufurika hadi kwenye biti ya alama. Ukiiweka kwenye biti 64 unaweza kupata FF nne za juu usizoziandika. Kuhusu kasi usiogope: kompaila za GCC na Clang huutambua mtindo huu na mara nyingi huufanya amri moja tu.

Namba za desimali za IEEE 754 (`float` na `double`) zinakili kwa `memcpy` kwenda `uint32_t` au `uint64_t`, kisha ziandike kama namba kamili. `long double` usiiweke kwenye faili kabisa.

Kwenye moduli ya `struct` ya Python, andika `"<IQ"`, si `"IQ"`. Alama ya `<` hulazimisha ndogo kwanza na kuondoa baiti za kujazia. Bila hiyo unarithi tabia za mashine uliyopo. `ByteBuffer` ya Java huanza na kubwa kwanza mpaka uibadilishe.

Jaribu kwa namba isiyofanana ikigeuzwa, kama 01020304. Sifuri na 01010101 hupita hata msimbo ukiwa mbovu. Mainframe huihitaji; QEMU, programu inayoiga prosesa nyingine, inatosha (s390x ni prosesa ya mainframe za IBM):

```
s390x-linux-gnu-gcc -static jaribio.c -o jaribio
qemu-s390x ./jaribio
```

Acha programu iandike faili huko, iandike jingine kwenye kompyuta yako, kisha yalinganishe kwa amri ya `cmp`. Ikitaja baiti yoyote, fungua yote mawili kwa `xxd`, inayoonyesha baiti moja moja, na uanzie hapohapo.