Usilete katapila Jumamosi! (kwa aliyenunua nyumba Massachusetts)

Mkuu, mpigie huyo jamaa wa katapila sasa hivi uahirishe, hata kama ulishampa kishika uchumba. Umesema nyuma ya nyumba kuna "kipori chenye majimaji kidogo", unataka ukifyeke, umwage kifusi, upande mchicha na matembele. Halafu unauliza kamisheni ya uhifadhi ya mji ni kitu gani na kama ina meno. Ni kamati ya mji inayolinda ardhioevu, yaani ardhi yenye majimaji kama hiyo yako. Na meno inayo. Mimi nina makovu.

Nilifanya hicho hicho. Malori manne ya udongo, miti kumi na mmoja chini, siku moja. Aliyenijaza ujinga ni fundi wa katapila: "Kiwanja chako, hati yako, nani atakuuliza?" Kabla yake dalali, meno yote nje siku ya kusaini, aliniambia pale pana "ubichi wa asili". Ubichi! Ilikuwa mwezi wa nane, pakavu, kiatu hakizami, nikaamini.

Kumbe ardhioevu haipimwi kwa kiatu. Mtaalamu aliyekuja kupima baadaye alizungusha chuma chake ardhini, akatoa udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu, akaninusisha: yai viza. Maana yake maji yanalala hapo chini muda mrefu kila mwaka. Akaanza kufunga vitepe vya pinki vyenye namba kuonyesha ukingo wake, kimoja kimoja, mpaka karibu na jiko langu la kuchomea nyama. Nikatamani kulia.

Sheria ya jimbo inasema ukichimba, kujaza au kufyeka ndani ya futi 100 kutoka ukingo wa ardhioevu, kamisheni lazima ikusikilize kwanza. Kando ya mto usiokauka ni futi 200, ingawa baadhi ya miji mikubwa ina kipimo kidogo zaidi. Faini inafika dola 25,000, na kila siku ni kosa jipya. Hata kama aliyeharibu ni mwenye nyumba wa zamani, wewe mnunuzi unaweza kufunguliwa kesi ndani ya miaka 3 tangu hati yako isajiliwe. Kwa hiyo kagua na alichokuachia.

Mimi jirani alinichongea kwa kamisheni kabla hata lori la nne halijaondoka. Akaja mjumbe wao, mama mstaafu, buti za mvua, daftari. Wajumbe wa kamisheni wanajitolea tu, hawazidi saba, nami nikamdharau. Kwenye kikao cha hadhara nikafunga tai nikajitetea kwamba kwetu tunalima mpaka mtoni. Uongo mtupu, hata Tanzania sheria ya mazingira ya 2004 inakataza ndani ya mita 60, ila nani pale angejua?

Hawakunitoza faini. Waliniambia nirudishe palivyokuwa. Nikamlipa fundi yule yule azoe kifusi kile kile, na safari hii hakuwa na maneno ya kiwanja chako hati yako. Nikapanda miti na vichaka vya asili, masharti asilimia 75 ya eneo iwe imeota ndani ya misimu miwili. Kulungu wakala nusu, nikapanda tena. Jumla dola 14,000. Mchicha dukani ni dola ngapi vile?

Sasa shika hili moja: kabla ya jembe, kabla ya fundi, peleka kwa kamisheni ombi la kuuliza kama sheria inakuhusu. Fomu fupi, wana siku 21 za kukujibu. Jibu liwe la maandishi. "Aliniambia sawa" haisimami kikaoni, nimejaribu.

Uliuliza na mengine, sijui mapori ya mji na uvuvi. Kwa kifupi kamisheni hiyo hiyo ndiyo hununua mapori kwa niaba ya mji na kuyatunza yasijengwe. La uvuvi wengine watakujibu.

Umeshampigia jamaa wa katapila?