Mkono wa kulia nilipasuliwa, wa kushoto bado nimeuacha

Wateja wakikaa kwenye kiti wakaona kikovu kwenye kiganja changu lazima waulize, na nikishawaambia ni operesheni ya mkono kufa ganzi, mshipa wa fahamu ulikuwa umebanwa kwenye kifundo, swali linalofuata ni lilelile, je na mimi nikafanye? Maana wengi wao ni mafundi cherehani, wapika chapati, wamama wanaofulia watu nguo, wasusi wenzangu, mikono inawafa ganzi usiku na wameshaambiwa kila aina ya maneno. Siwezi kumjibu mtu ndiyo au hapana, mimi mwenyewe nina mikono miwili na nimeamua vitu viwili tofauti. Kwa hiyo ngoja nieleze nilivyofika hapa, labda kuna mahali utajiona.

Ilianza nikiwa na mimba ya mwanangu wa mwisho. Saa nane saa tisa usiku nakurupuka, kidole gumba, cha shahada na cha kati vinawaka kama vimepakwa pilipili, nakaa kitandani nakung'uta mkono mpaka utulie ndo nalala tena. Nesi wa kliniki akaniambia mimba inajaza maji mwilini na kwa wengi hii hali inaisha baada ya kujifungua, na kweli nilivyojifungua ikaondoka. Kwa hiyo kama una mimba saivi na ndo umeanza kufa ganzi usikimbilie kuwaza kisu, mpe mwili nafasi kwanza.

Kwangu ilirudi niliporudi saluni. Kusuka rasta ni masaa sita, saba, vidole vinabana na kuzungusha muda wote na kifundo cha mkono kimekunjwa. Zahanati niliyoenda kwanza nikaambiwa ni baridi yabisi nikapewa diklofenaki, zikiisha nanunua mwenyewe duka la dawa, karibu mwaka mzima naishi hivo mpaka tumbo likaanza kuwaka. Mama mkwe akasema huo ni upepo akawa ananichua na mafuta ya karafuu kila jioni, dada yangu akaogopa kiharusi. Sina ugomvi nao hata kidogo, walikuwa wanahangaika na mimi, ila hakuna aliyejua kinachoendelea ndani ya ule mkono na mimi nikiwa wa kwanza.

Alafu maumivu yakapungua. Hapa ndo nataka usome taratibu. Kuwaka moto kukapungua, nikawa silii tena usiku, nikamwambia mume wangu namshukuru Mungu dawa zimefanya kazi. Ganzi ilikuwepo lakini nimeshaizoea, mchana na usiku ipo tu. Kwenye daladala nikiingiza mkono kwenye pochi siwezi kujua nimeshika mia au mia mbili mpaka niitoe niitazame. Vifungo vya shati la shule la mtoto nilikuwa namwachia dada yake.

Siku moja namalizia kichwa cha mteja, tunachovya ncha za rasta kwenye maji ya moto ili zisifumuke, kila msusi anajua pale unavyoshika, unachovya, unatoa, unakausha na taulo. Nikachovya, nikawa naongea na mteja tunacheka, na msaidizi wangu akapiga kelele, dada vidole! Vidole viwili vilikuwa ndani ya maji pamoja na rasta na mimi sina habari. Nilivitoa vimekuwa vyekundu, jioni ncha ya kidole cha kati ikatoa lengelenge kubwa, na kibaya zaidi hata lile lengelenge halikuniuma. Nililia sana siku ile. Lengelenge lenyewe lingepona tu, kilichoniliza ni kwamba nilikuwa nimeshamshukuru Mungu kwa kupona wakati mkono ndo ulikuwa unakufa.

Nikatafuta rufaa nikaenda MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Kama uko kaskazini ulizia KCMC, Kanda ya Ziwa Bugando, muhimu ni umfikie daktari wa mifupa au wa mishipa ya fahamu, sio kuishia kwenye dirisha la dawa. Daktari hakuanza na mashine. Aliniambia nikunje viganja nigeuzie migongo yake ielekeane nishikilie dakika moja, haikufika hata nusu vidole vikaanza. Akagonga gonga kifundo cha mkono. Akauliza kidole kidogo cha mwisho nacho kinakufa ganzi? Nikasema hapana, hicho kizima. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anatafuta, maana mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye hali hii unahudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, kidole kidogo kina mshipa wake mwingine. Kisha akasema weka mikono yote miwili juu ya meza, utazame mwenyewe. Ile nyama iliyovimba chini ya kidole gumba, kushoto ilikuwepo, kulia palikuwa pameshuka pamebonyea. Miaka yote natumia ule mkono sijawahi kuona.

Akanieleza kwamba pale kwenye kifundo kuna njia nyembamba, chini ni mifupa, juu kuna utepe mgumu kama paa, na ndani yake zinapita kano tisa za kukunjia vidole pamoja na huo mshipa mmoja. Kukivimba kidogo tu mshipa unakosa pa kwenda, unabanwa. Kwa kitaalamu wanaita kapo taneli (carpal tunnel). Operesheni ni kukata lile paa basi, mshipa wenyewe haukatwi. Hilo nilikuwa silijui na nadhani nusu ya hofu yangu ilikuwa hapo, nilikuwa nadhani wanakata mshipa.

Nikapimwa sukari na tezi ya shingoni, kwa sababu kisukari na tezi inayofanya kazi kidogo vinaweza kuleta ganzi hii, ukipasua mkono bila kushughulika na sukari bado una kazi. Alafu kuna kipimo cha mishipa ya fahamu, wanakupitishia vishoti vidogo vidogo vya umeme, hakipendezi ila kinavumilika. Usikikwepe. Kuna mama mmoja namfahamu alipasuliwa bila kupimwa vizuri, ganzi ikabaki vilevile, baadaye ikaonekana mshipa ulikuwa umebanwa shingoni. Majibu yangu yalisema kulia hali ni mbaya, kushoto ni ya mwanzo.

Basi kushoto nikapewa splinti ya kuvaa usiku inayoshika kifundo kinyooke, maana ukilala umekunja mkono unaongeza kubana. Wiki za kwanza niliichukia inanitoa jasho, ila usiku wa kuamka ukapungua kabisa. Miezi kadhaa baadaye nikachomwa sindano moja ya steroidi, ikanipa nafuu ya kama miezi mitano. Daktari aliniambia wazi kwamba sindano inatuliza uvimbe, kwa wengi hali hurudi, lakini kwa mkono ambao ganzi inakuja na kuondoka inafaa kujaribiwa.

Kulia nikauliza na huku si tujaribu sindano? Akasema tunaweza, ila kila mwezi unaosubiri nyama inaendelea kuisha, na ikiisha sana hata nikipasua siwezi kukuahidi itarudi, nitakachofanya ni kuzuia isiendelee. Kwa hiyo kama ganzi yako inakuja inaondoka, una muda, jaribu splinti usiku angalau wiki sita kabla hujaamua lolote. Kama ganzi imehamia moja kwa moja, unaangusha vikombe, kidole gumba hakina nguvu, au nyama ya chini yake imeshuka, hapo usipime kwa maumivu, kaa na daktari uzungumzie operesheni mapema. Hivo ndo ninavyoona mimi na ndo nimewaambia wasusi wenzangu wote.

Sasa kazi. Hili madaktari hawalikai sana na sisi ndo linatuua. Msusi asiyesuka hali. Nilichagua Januari, Krismasi na mwaka mpya vimepita, watu wote wanawaza ada, saluni haina wateja. Miezi minne kabla nikawa naweka hela ya kikoba bila kukopa, nikamfundisha msaidizi wangu mitindo ya wateja wangu wakubwa, nikawaambia wateja ukweli. Ukiulizia gharama uliza yote kwa pamoja, kipimo cha mishipa, operesheni, dawa, kusafisha kidonda, nauli, na kama una bima uliza kabla nini inalipa na nini hailipi, usisubiri uambiwe dirishani siku ya kupasuliwa.

Operesheni yenyewe niliona kila kitu kwa masikio. Huzimishwi, unachomwa ganzi kiganjani, na hiyo sindano ndo iliuma kuliko vyote, wanafunga mkanda mkononi kama wa kupimia presha unabana kwelikweli, na nadhani dakika ishirini hazikufika wakawa wanashona. Nilirudi nyumbani siku ileile. Usiku ule kidonda kiliuma lakini vidole havikuniamsha, nikalala mpaka adhana ya alfajiri, sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Nyuzi zilitolewa wiki ya pili. Ambacho sikuambiwa vya kutosha ni maumivu ya pale chini ya kiganja, pembeni ya kovu. Kusonga ugali, kusukuma mlango, kukamua nguo, miezi mitatu nilikuwa siwezi vizuri. Nilirudi kusuka wiki ya saba, kichwa kimoja kwa siku, tena mabutu ya watoto, rasta ndogo ndogo nilizigusa tena mwezi wa nne. Wateja wawili watatu walihama hawakurudi. Kidole gumba na cha shahada vimerudi, nahisi nywele moja moja. Ncha ya kidole cha kati bado ni nzito, na ile nyama imejaa kidogo tu, haijawa kama ya kushoto. Nikiulizwa kama najuta, najuta mwaka ule wa diklofenaki.

Kushoto nimeshapangiwa nikirudi tuzungumze tena. Nimeweka daftari karibu na kitanda, kila usiku nikiamshwa na mkono naweka alama asubuhi, kwa sababu ukifika kwa daktari ukaulizwa mara ngapi utasema mara nyingi tu, na mara nyingi haimsaidii kitu. Mwezi uliopita alama tatu. Mwezi huu leo ni tarehe kumi na tisa na ziko sita, zote siku nilizosuka vichwa viwili. Ganzi inaondoka nikikung'uta, vifungo nafunga, na kila asubuhi nikivua splinti naweka mikono yote mezani natazama nyama ya kidole gumba cha kushoto. Bado ipo.