Maswali ya Wasomaji: Gemu ya Hoki ya Barafu, Inachezeka au Haichezeki?

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu gemu ya NHL, ile hoki ya kwenye barafu ya EA Sports, tukauliza kama kuna mtu huku kanda ya kati anaicheza na anaionaje. Aisee meseji zilizoingia ni nyingi kuliko tulivyotegemea. Nimechukua hizi chache, nyingi zilizobaki zinaulizia yale yale kwa hiyo jibu la mwenzako ndo lako.

Habari ya kazi kaka. Mimi nina banda la gemu hapa Area D. PS4 moja niliinunua kwa mtu ikaja na CD ya NHL 19 ndani. Vijana wakiiweka wanacheza dakika chache tu wanaitoa wanarudi kwenye mpira, wanasema wachezaji wanateleza kama wamelewa, refa anapuliza filimbi hovyo, na kufunga hawawezi. Mtandaoni nako nimeona watu wanaiponda. Niiuze au nikae nayo? (Mwenye banda, Area D)

Nzuri kaka, pole na majukumu. Usiiuze.

Kwanza tutenganishe. Hao wanaoiponda mtandaoni wengi ni watu wa Kanada na Marekani ambao wanainunua kila mwaka mwezi wa tisa au wa kumi kwa bei kamili, na wengi wameanza nayo toka utotoni maana hii gemu ilianza mwaka 1991 kwenye Sega. Sasa mtu wa namna hiyo akilipia tena halafu akakuta menyu ni zile zile, mtangazaji anarudia maneno yale yale, na kile kipengele cha Be a Pro (unacheza kama mchezaji mmoja tu) anachokipenda hakijaguswa, lazima alalamike na ana haki yake kabisa. Wewe CD umeikuta ndani ya mashine. Malalamiko ya kwamba haijabadilika toka mwaka jana hayakuhusu, wewe mwaka jana hukuwa nayo.

Kinachokuhusu ni vijana wako na wao shida yao naijua. Wanateleza kwa sababu ni barafu, kwenye mpira ukiachia analogi (kile kijiti cha kwenye pedi) mtu anasimama, hapa ukiachia anaendelea kwenda, na ukitaka kugeuka ghafla ukiwa na spidi unapoteza ile spidi yote. NHL 19 ndo hasa ilisifiwa kwa hilo, ule utelezaji wake, kukata kona na kuondoka tena kwa nguvu. Mchezaji wa NHL anatakiwa afikirie kona kabla hajafika. Ukishazoea hilo gemu inakuwa tamu mno, mimi naona ndo raha yake kubwa kuliko hata kufunga.

Filimbi nazo zina sababu mbili. Ile mistari miwili ya bluu, ukiingia kwa mpinzani mtu wako akitangulia kabla ya paki (kile kidude cheusi cha mpira mgumu wanachogombania) hiyo ni ofsaidi. Na ukiibutua paki kutoka nusu yako ikapita mpaka nyuma ya goli la mpinzani bila kuguswa na mtu, hiyo ni aisingi, inarudishwa kwako. Vijana wa mpira wanabutua kila wakati ndo maana wanapulizwa. Nenda kwenye mipangilio ya sheria zima zote mbili kwa kuanzia, wakinogewa washa ofsaidi, ya pili iache kwanza. Au wawekee Threes, ni watatu kwa watatu pamoja na makipa, uwanja mdogo, filimbi ni chache sana, hiyo hata mgeni anaielewa ndani ya mechi moja.

Sasa kufunga. Hapa naomba uangalie pedi zako kwa makini. Kwenye mpira analogi ya kulia haitumiki sana kwa hiyo ikiwa mbovu hakuna anayejua, lakini kwenye hii gemu analogi ya kulia ndo fimbo yenyewe: ukiisukuma mbele anapiga shuti la haraka, ukiivuta nyuma halafu mbele anapiga lile shuti zito la kubinua fimbo, ukiipeleka kulia na kushoto anapiga chenga. Na Dodoma yetu hii na vumbi la kiangazi, pedi ya banda ikishashikwa na mikono mia kwa siku ile analogi inaanza kucheza yenyewe. Mtu anajikuta amepiga shuti hata hajaamua. Fungua pedi, puliza vumbi, kama shina lake limelegea badilisha, mafundi wa simu wengi wanaweza kuyeyusha risasi ya kulehemu wakaiondoa na kuweka nyingine.

Pedi ikiwa nzima wafundishe goli hili moja. Kipa akikuona umekuja moja kwa moja anakaa pale pale anadaka, yuko vizuri kwa hilo. Ila mshambulie kutoka pembeni, mwenye paki awe kushoto, mwenzake kulia. Kabla hata pasi haijafika kwa yule wa kulia uwe umeshavuta analogi nyuma na kuishikilia, pasi ikifika tu unaachia mbele. Paki haitulii, inaunganishwa moja kwa moja, na kipa inabidi ateleze kutoka nguzo moja mpaka ya pili, mara nyingi hafiki. Kijana akifunga hivyo mara moja tu atakudai hiyo CD kila siku. Na kama kuna ambao analogi imewashinda kabisa, kuna chaguo la kupiga kwa vitufe la NHL 94, kitufe kimoja shuti kingine pasi, wawekee hilo bila aibu.

Mambo vipi. Niko UDOM, nacheza NHL 24 onlaini. Naonewa sana, shuti kumi na tano sifungi, mwenzangu mawili tu yote yanaingia. Wachezaji wengine wanasema gemu inapendelea mtu makusudi. Ni kweli? (Mwanachuo)

Poa mdogo wangu. Hayo malalamiko yapo miaka yote, karibu kila gemu ya michezo watu wanaamini mashine imepanga matokeo. Mimi kwa upande wako siamini, kwa sababu wewe una adui mkubwa zaidi na yuko wazi: umbali. Mechi unayocheza kutoka Dodoma inaendeshwa kwenye seva za nje, Ulaya au Marekani, kwa hiyo kila unachobonyeza kinaenda huko na kurudi, na kama ni bando la simu kwa hotspoti, na hosteli nzima iko kwenye mnara ule ule saa mbili usiku, ucheleweshaji unakuwa mkubwa. Kwenye mpira unavumilika. Kwenye hoki paki inavuka uwanja mzima wa mita 61 kufumba na kufumbua, ukichelewa kidogo tu beki wako ameshapitwa, na ukibonyeza kumpora mtu paki unagonga miguu yake badala ya paki, unapewa adhabu ya dakika mbili na unacheza pungufu. Ndo maana unaona unaonewa.

Cheza usiku wa manane au alfajiri watu wakiwa wamelala, tumia waya badala ya hewani kama unaweza, na kwenye ulinzi acha kabisa kumkimbilia mwenye paki. Kaa katikati yake na goli, shikilia L2 mchezaji wako abaki anamtazama, muache ahangaike. Kujilinda kwa kukaa hakuhitaji spidi ya mtandao. Alafu hesabu shuti zako vizuri, kumi na tano za kutoka mbali na kipa anakuona si sawa na mbili za mdomoni mwa goli.

Shikamoo kaka. Mwanangu yuko kidato cha pili, ananiomba hela eti anunue pakiti za wachezaji kwenye hiyo gemu ya barafu, na nimemkuta wachezaji wanapigana ngumi. Ni gemu ya watoto kweli hii? (Mama mzazi, Ipagala)

Marahaba mama, na asante kwa kuandika maana wazazi wengi wananyamaza tu.

Ngumi zipo kwenye mchezo wenyewe wa kweli, kwenye ligi ya NHL, ile ya Marekani na Kanada, wachezaji wawili wakitupa glavu chini wakapigana wanatolewa nje dakika tano kila mmoja halafu wanarudi. Kwenye gemu hakuna damu wala kuuana. Kwa umri wake hilo mimi halinitishi.

Hizo pakiti ndo zinanitisha. Ni kipengele kinaitwa Hockey Ultimate Team, mtoto anajenga timu kwa kadi za wachezaji, na kadi anaweza kuzipata kwa kucheza sana au kwa kulipa hela halisi. Akilipa hajui anapata nani, anafungua anakuta wachezaji wa kawaida, roho inamuuma, anataka afungue nyingine. Mama hiyo ni bahati nasibu. Ubelgiji tume yao ya kamari ilitamka mwaka 2018 kwamba pakiti za namna hii ni kamari, na EA hao hao wakaacha kuuza pointi za kununulia pakiti za gemu yao ya mpira kule mwaka 2019. Alafu gemu mpya ikitoka mwaka unaofuata timu yake haihami, anaanza upya.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, hata elfu tano usitoe. Usiunganishe kadi ya benki wala namba ya malipo kwenye akaunti yake, weka namba ya siri kwenye ununuzi. Lakini gemu usimnyang'anye mama. Mwambie acheze Franchise, humo anakuwa meneja wa timu, anasajili, anapanga mishahara isivuke kikomo, analea vijana wadogo mpaka wakomae miaka mingi mbele. Haitaki hela na inamfikirisha. Kaa naye siku moja akuoneshe timu yake, utashangaa anavyojua hesabu.

Ipo ya laptop? (Kondoa)

Hapana. Ya mwisho ya kompyuta ilikuwa NHL 09 ya mwaka 2008, baada ya hapo wameacha. Ukiona mtandao unakuuzia "NHL 25 ya PC" kaa mbali, ni virusi hao.

Nataka kuanza, ninunue ipi? Nina PS4. Na huyo mtu mweusi kwenye kava la NHL 19 ni nani, Waafrika wanachezaga hoki kumbe? (Manyoni)

Kwa PS4 mwisho wako ni NHL 24, kuanzia NHL 25 wanatoa za PS5 na Xbox mpya tu. Kama utacheza onlaini chukua hiyo 24, seva za gemu za zamani huwa zinazimwa. Kama ni nyumbani na kaka yako tu chukua yoyote ya bei nafuu kuanzia 18 kwenda juu. Ila ruka NHL 15, hiyo ndo ilikuwa ya kwanza ya PS4 na ilitoka imepunguzwa vipengele vingi ambavyo watu walivizoea, wachezaji walikasirika na mimi nakubaliana nao kabisa, haikutakiwa kuuzwa vile.

Huyo kwenye kava ni P.K. Subban, beki wa Kanada, wazazi wake asili yao ni visiwa vya Karibiani. Na kabla yake kava la NHL 2003 alikuwa Jarome Iginla ambaye baba yake ni Mnigeria. Mweusi wa kwanza kabisa kucheza ligi ya NHL ni Willie O'Ree, Januari 1958 na timu ya Boston, jicho moja halioni na alificha wasimzuie. Mi nawapenda sana hawa watu.

Na Waafrika wanacheza, tena jirani tu hapo. Nairobi kuna timu inaitwa Kenya Ice Lions, uwanja wao wa barafu uko ndani ya hoteli ya Panari. Mwaka 2018 walienda Kanada wakacheza pamoja na nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu. Siku ukienda Nairobi kupitia Arusha pita uone kwa macho yako paki inavyokimbia, ndo utaelewa kwa nini kwenye gemu huioni.

Sisi mabanda mawili, la Chang'ombe na la Nkuhungu, tunataka tuandae shindano la hii NHL. Tupange vipi isilete ugomvi? (Vijana wa Chang'ombe)

Safi sana vijana. Vipindi ni vitatu, wekeni dakika nne nne, inatosha. Timu zilingane nyota, msimuache mtu achukue timu kali mwingine akabaki na mbovu, chagueni timu mbili tu na wote wazichezee hizo hizo siku nzima. Kila kipindi kikiisha mbadilishane pedi, hilo msilisahau maana pedi moja lazima itakuwa na analogi iliyochoka na ugomvi wote utaanzia hapo. Ngumi zimeni kama mipangilio yenu inaruhusu, zinakula muda tu.

Mechi ikiisha sare kuna muda wa ziada wa watatu kwa watatu, akifunga mtu imeisha, na kama hakuna goli mnaenda penati. Msiweke mtindo wa mtoano wa ligi yenyewe, ule wanaongeza dakika ishirini ishirini mpaka mtu afunge, mtalala hapo na foleni ya watu nje na luku inakata. Na waiteni Area D, yule kaka mwenye banda ana CD inamkaa bure.