Vikao vya kaunti kwa Zoom: niliyoyaona nikiwa ndani

Mleta mada ameuliza kama mabunge ya kaunti hapa Kenya na kamati zake yaruhusiwe kufanya vikao vya wazi kwa mtandao, hata sasa korona ilipokwisha. Naona majibu ya hapo juu yamegawanyika: wengine wanasema dunia imeshahama, wengine wanasema wakubwa wanatafuta pa kutukimbilia. Mimi nimekaa kotekote, chini ya mwembe na mbele ya skrini, kwa hiyo nivumilieni.

Mei 2020. Mikusanyiko marufuku, kafyu saa moja jioni, na bajeti haingoji mtu: mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Kaunti yetu (ya Pwani, jina naliacha) ikatangaza kwamba maoni ya wananchi yatachukuliwa kwa Zoom. Linki ikatumwa kwenye grupu la WhatsApp la wadi saa tatu usiku, kikao saa nne asubuhi ya pili yake. Kitabu cha makadirio ya bajeti hatukukiona.

Tulikaa watu watano kwenye baraza ya nyumba ya shangazi, kila mtu na barakoa yake, simu moja imeegemezwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Bando tulichangiana. Miongoni mwetu alikuwa mzee mmoja fundi wa mitumbwi, na swali lake lilikuwa moja tu: zahanati ilitengewa pesa za paa, mbona mvua inanyesha mpaka ndani? Tukamwinulia kile kimkono cha kwenye skrini, akangoja saa nzima na nusu. Zamu ilipofika akasema, "Nataka kuuliza zile pesa za zahanati za mwaka juzi..." Kimya. Sisi tukadhani ni mtandao, nikaanza kuitikisa simu kama redio ya zamani. Kumbe maneno yako pale pale kwenye skrini: mwenyeji wa kikao amekunyamazisha. Punde tukatolewa kabisa, na tulipojaribu kurudi tukaachwa kwenye chumba cha kusubiria mpaka kikao kikaisha.

Kwenye baraza la chifu hilo lingewezekanaje? Chifu anaweza kukuambia kaa chini, ndiyo, lakini nyuma kule wataanza: "Mwacheni aseme!" Mama mmoja atapiga makofi, vijana watapiga mluzi, na mara nyingi maiki inarudi mkononi mwako. Guno la watu ndiyo kinga ya mnyonge. Kwenye Zoom hakuna kuguna. Mia mmekaa humo, na mmoja anafungiwa mdomo hata wa karibu yake hajui.

Ndiyo maana nawashangaa wanaobishana kuhusu kasi ya intaneti peke yake. Ibara ya 196 ya Katiba inasema bunge la kaunti lifanye kazi zake kwa uwazi, vikao vyake na vya kamati viwe vya hadhara, na mwananchi au mwanahabari asizuiwe isipokuwa Spika ameamua kwamba kuna sababu maalumu za kufanya hivyo. Sasa niambieni, kijana wa ICT anayebonyeza kitufe akatutoa, yeye ni Spika? Kunitoa kwenye linki ni kunitoa ukumbini.

Lakini sitasema mtandao ufungwe. Kikao kimoja cha baadaye kilifanywa huku na huku, ukumbini na mtandaoni, na hapo ndipo nilimsikia kwa mara ya kwanza jirani yetu anayetumia kiti cha magurudumu akiiuliza kamati kuhusu ngazi za soko. Miaka yote hiyo hakuwahi kufika makao makuu ya kaunti. Matatu mbili na bodaboda, nani atambeba? Binamu yangu aliyeko Doha naye aliingia wakati wa mapumziko yake ya kazi. Na Julai 2024 tulimsikia Rais Ruto kwenye X Space, yale mazungumzo ya sauti ya mtandao wa X, vijana wakimhoji bila kupepesa macho. Ila kile hakikuwa kikao cha kisheria: hakuna karani aliyeandika kumbukumbu za kumbana mtu kesho.

Kwa hiyo mimi naruhusu, ila kwa masharti. Mtandao usiwe mlango pekee: ofisi ya msimamizi wa wadi iwekwe skrini na spika ya sauti, asiye na bando akae pale. Akitolewa mtu, jina na sababu ziingie kwenye kumbukumbu. Kura ziitwe kwa majina, maana ile "wanaokubali waseme ndiyo" kwenye Zoom ni kelele tupu, hujui nani kasema nini. Nyaraka zije mapema. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 87, imeshaagiza tupewe taarifa kwa wakati. Na sauti ya kikao ikipotea, kikao kisimame, kama ambavyo kingesimama akidi isipotimia.

Yule fundi aliuliza swali lake mwaka uliofuata, ana kwa ana, mikutano iliporudi. Walimjibu kwamba litafuatiliwa. Paa bado linavuja, lakini swali lile liko kwenye kumbukumbu na jina lake pembeni. Nimeliona kwa macho yangu.